Nani Mwenye Kauli Juu ya Mbegu Iliyogandishwa?

Kama umewahi kufuga ng'ombe wa maziwa Rungwe, Hai au Kiambu, mtungi huu unaujua. Mhimilishaji, yaani mtaalamu wa kupandikiza mbegu za fahali, anafika na pikipiki, nyuma amefunga mtungi wa alumini wenye shingo nyembamba. Akifungua kifuniko, mvuke mweupe unamwagika ukingoni na kuteremka chini badala ya kupanda juu. Anaingiza koleo refu, anachomoa mrija mwembamba wa plastiki wenye mbegu hizo, na anafanya haraka, maana sekunde chache tu hewani zinatosha kuuharibu. Anautumbukiza kwenye maji ya uvuguvugu aliyokuja nayo katika chupa ya chai, anasubiri nusu dakika hivi, anaufuta kwa karatasi laini, anakata ncha. Baada ya miezi tisa ndama anasimama bandani, na fahali aliyemzaa yuko Usa River kule Arusha, au Kabete, au alishachinjwa zamani. Mfugaji hashangai hata kidogo. Anachotaka kujua ni jina la fahali na mama wa fahali alikuwa akitoa lita ngapi.

Mazungumzo ya leo ni juu ya mtungi wa namna hiyo hiyo, ila ndani yake zimo mbegu za binadamu. Na hapo ndipo watu wazima wanapoanza kukohoa na kuangalia dari. Nawaomba tuvumiliane. Kama redio iko sebuleni na wakwe wapo, punguza sauti, usizime.

Niseme mapema ninachokiamini. Kugandisha kwenyewe hakutushindi tena, kazi hiyo ilishamudiwa zaidi ya miaka sabini iliyopita. Kinachotushinda ni maneno yanayotakiwa kusemwa kabla ya kugandisha, na karatasi anayotakiwa kuisaini mwenye mbegu akiwa hai na akili zake timamu. Familia zimefikishana mahakamani kwa sababu ya karatasi hiyo, na kwa sababu ya maneno hayo kutosemwa, vijana waliopona saratani wamejikuta hawana tena uwezo wa kuzaa.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko friji. Mwaka 1776 padri mmoja wa Kiitaliano, Lazzaro Spallanzani, aliona mbegu zilizopozwa kwa theluji zikitulia tuli, na zilipopata joto zikaanza tena kuogelea. Miaka tisini baadaye, mwaka 1866, Mwitaliano mwingine, daktari Paolo Mantegazza, akaenda mbali zaidi. Alipendekeza kwamba mbegu za mwanamume zingeweza kuwekwa kwenye baridi, ili askari akifia vitani mkewe apate mtoto halali wa mumewe. Mtu huyo aliwaza mambo ya marehemu kabla hata hajajua namna ya kuzihifadhi mbegu za aliye hai. Tutamrudia.

Namna ya kuzihifadhi ilipatikana kwa bahati, na chanzo chake kilikuwa chupa yenye lebo ya uongo. Mill Hill, kaskazini mwa London, watafiti Christopher Polge, Audrey Smith na Alan Parkes walikuwa wanahangaika na mbegu za jogoo. Walijaribu kuzigandisha ndani ya maji ya sukari, zikafa. Wakaacha. Baada ya miezi kadhaa wakaitoa tena ile chupa kwenye chumba cha baridi, wakajaribu upya, na safari hii mbegu zikaamka. Furaha haikudumu, kwani walipotengeneza sukari mpya mambo yakakwama kama mwanzo. Ndipo wakampelekea mkemia mabaki ya chupa ya kwanza. Hakuna sukari humu, akawaambia, ila kuna glisirini na protini ya ute wa yai, dawa ya kunatishia vipande vya nyama kwenye vioo vya hadubini. Inaelekea lebo zilikuwa zimebadilishana chumbani. Matokeo yakachapishwa mwaka 1949. Na glisirini yenyewe, msikilizaji, ndiyo hiyo hiyo unayonunua dukani kupaka midomo na visigino wakati wa baridi.

Kutoka kwa jogoo hadi kwa binadamu haikuchukua muda. Mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mtafiti kijana Jerome Sherman na daktari wa njia ya mkojo Raymond Bunge walitangaza mimba za kwanza zilizotokana na mbegu za binadamu zilizogandishwa. Walitumia glisirini na barafu kavu.

Kwa nini glisirini? Ukisahau chupa ya soda kwenye friza utaikuta imepasuka, kwa kuwa maji yakiganda yanatanuka na kutafuta pa kwenda. Ndani ya chembe hai mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu barafu inajenga ncha kali, na maji yanayobaki hayajaganda yanazidi kuwa na chumvi mpaka chembe inaungua. Glisirini inaingia ndani, inayashika maji yasijipange kuwa barafu. Mbegu ya kiume ina bahati yake pia: ni ndogo mno, nusura iwe kichwa na mkia tu, haina maji mengi ya kugandisha. Ndiyo maana iliwezekana kuihifadhi miongo kadhaa kabla ya yai la mwanamke, ambalo limejaa maji.

Maabara hufanya hivi. Mwanamume anaambiwa akae siku mbili hadi tano bila kumwaga. Anatoa shahawa kwenye kikombe safi, katika chumba cha pale pale, au akiitoa nyumbani anakuja nayo ndani ya saa moja, kikombe amekibana karibu na mwili kisipoe. Inaachwa nusu saa iyeyuke, kisha mbegu zinahesabiwa kwa hadubini: ngapi zipo, ngapi zinaogelea, ngapi zinazunguka tu pale pale. Damu inapimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kaswende. Mchanganyiko wa kinga, wenye glisirini na mara nyingi kiini cha yai la kuku, unadondoshwa tone kwa tone. Vyote vinaingizwa kwenye mirija iliyoandikwa jina na namba, mirija inaning'inizwa kwanza kwenye mvuke wa naitrojeni ipoe taratibu, halafu inazamishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri.

Kwenye baridi hiyo hakuna kinachoendelea. Mbegu haili, haizeeki, haiozi. Hasara inatokea wakati wa kuigandisha na kuiyeyusha, ambapo kama nusu ya zile zilizokuwa zinaogelea haziamki. Zamani hasara hiyo ilimtisha mtu mwenye mbegu chache. Tangu mwaka 1992, madaktari wa Brussels walipofaulu kuchoma mbegu moja tu ndani ya yai, hata mrija wenye mbegu za kuhesabika unaweza kuzaa mtoto.

Msikilizaji atauliza, na umeme wetu huu? Swali zuri, na jibu lake linashangaza. Mtungi wa naitrojeni hauchomekwi ukutani. Ni chupa ya chai kubwa, yenye kuta mbili na ombwe katikati, na kinachoupoza ni kimiminika chenyewe. Umeme ukikatika wiki nzima mtungi haujali. Unachohitaji ni mtu wa kuujazia, kwa kuwa naitrojeni inapungua kila siku kwa kugeuka mvuke. Mtu huyo anachovya kijiti kirefu hadi chini, anakitoa, anakipunga hewani, na ukungu mweupe unaganda kwenye kijiti hadi pale kimiminika kilipofikia. Anaandika sentimita kwenye daftari. Kazi nzima ya ulinzi ni kijiti na daftari, na mtu asiyekosa zamu.

Mtu huyo akikosa, au mashine iliyowekwa badala yake ikigoma, ni kesi. Mwezi Juni 2003, katika hospitali ya Southmead mjini Bristol, Uingereza, naitrojeni ilishuka na mbegu zikayeyuka. Wenyewe walikuwa wanaume waliokuwa wamegunduliwa kuwa na saratani, wameziweka pale kabla ya tiba. Sita walishtaki. Wanasheria wa upande wa pili wakasema sheria haimpi mtu umiliki wa mwili wake wala kilichotoka mwilini, kwa hiyo hakuna mali iliyoharibiwa. Mwaka 2009 Mahakama ya Rufaa ilikataa hoja hiyo: mbegu hizo zilikuwa mali ya waliozitoa, kwa ajili ya kesi yao. Mie niliisoma hukumu hiyo na kujiuliza kwa nini mtu ahitaji majaji kuambiwa hivyo. Lakini fikiria kinachofuata. Kikiwa mali, je, kinarithiwa?

Kabla ya kufika huko, twende wodini, maana huku ndiko jambo linakotuhusu zaidi. Tibakemia inaua chembe zinazogawanyika upesi. Saratani ni hivyo, nywele ni hivyo, na kiwanda cha mbegu kwenye korodani ni hivyo pia. Mionzi ikipigwa nyonga ni yale yale. Nywele zinarudi karibu kila mara. Mbegu kwa wengine zinarudi baada ya mwaka au miaka, kwa wengine hazirudi kabisa, na hakuna daktari anayeweza kumwahidi mgonjwa atakuwa upande gani. Na saratani zinazowapata sana vijana wa kiume, kama ya korodani, ya tezi za limfu na ya damu, nyingi zinatibika. Kijana atapona, ataoa, kisha ndipo atakapogundua alichopoteza.

Mwaka 1979 kijana wa Kiingereza wa miaka 17 alikutwa na saratani ya korodani, akaweka mbegu kabla ya tiba. Zilikaa kwenye baridi miaka 21. Mtoto wake alizaliwa mwaka 2002, na madaktari wa Manchester wakaichapisha habari hiyo miaka miwili baadaye. Mwendesha baiskeli Lance Armstrong, aliyeugua mwaka 1996, naye alipata watoto wake watatu wa kwanza kwa mbegu alizoziweka kabla ya kuanza dawa.

Sasa mlete kijana huyo wa miaka 17 kwenye hospitali yetu. Hakuja peke yake, amekuja na mama. Mama ndiye anayeshika faili, ndiye anayejibu maswali, ndiye aliyeuza mbuzi wa nauli. Daktari ana wagonjwa arobaini nje. Amwambie kijana, mbele ya mama yake, akatoe shahawa kwenye kikombe? Haiwezekani, na kwa kuwa haiwezekani, halisemwi lolote, dawa inaanza Jumatatu. Silaumu adabu yetu, nimelelewa nayo. Ila adabu hiyo hiyo ina mlango wake. Muuguzi wa makamo anayejua kazi anasema tu, "Mama, naomba nikae na huyu baba kidogo, nitakuita." Mama anatoka, wala haulizi. Kijana akishaitwa baba amepewa heshima ya kuulizwa mambo ya kibaba. Dakika kumi zinatosha. Na kama aibu ni kubwa mno kwa wote wawili, kuna mjomba, kuna babu, watu ambao mila zetu ziliwapa kazi ya kusema yasiyosemeka.

Waislamu watauliza juu ya njia ya kuitoa. Wanazuoni wengi wanaruhusu kwa dharura ya tiba pale ambapo hakuna njia nyingine, na aliyeoa anaweza kusaidiwa na mkewe. Shehe wako muulize, lakini muulize leo, si baada ya mzunguko wa tatu wa dawa.

Kuna kundi jingine ambalo halitajwi sana nalo ni letu kabisa: wenye selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa huo. Haidroksiyurea, dawa inayowapunguzia maumivu, hushusha idadi ya mbegu inapotumiwa. Nisieleweke vibaya, dawa hiyo inaokoa maisha, asiache mtu kuimeza kwa kunisikia mimi. Namaanisha aulize. Na Dodoma, katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, watoto wenye selimundu wameanza kupandikizwa uloto. Dawa kali zinazotangulia upandikizaji zinaweza kukiua kabisa kiwanda cha mbegu, na mtoto ambaye hajabalehe hana mbegu za kuweka. Brussels walianza zamani kuwakatia watoto wa namna hiyo kipande kidogo cha korodani na kukigandisha, na mwanzoni mwa 2025 wakatangaza kwamba wamemrudishia mwanamume mmoja kipande alichokatwa akiwa mtoto mwenye selimundu, kabla ya kupandikizwa uloto. Bado ni utafiti.

Nirudi kwa Mantegazza na askari wake.

Mwaka 1981 Mfaransa Alain Parpalaix, mgonjwa wa saratani ya korodani, aliweka mbegu kwenye benki ya serikali. Alifariki Desemba 1983, siku mbili baada ya kufunga ndoa na Corinne. Mjane akazidai. Benki ikakataa: aliziweka yeye, hakusema zifanywe nini akifa. Agosti 1984 mahakama ya Créteil ikaamuru apewe. Alipewa, mimba haikuingia, na miaka kumi baadaye Ufaransa ikapiga marufuku jambo hilo kwa sheria.

Uingereza nako, mwaka 1995, mume wa Diane Blood alizimia kwa homa ya uti wa mgongo. Mbegu zilichukuliwa akiwa hajitambui. Walikuwa wanajaribu kupata mtoto, mkewe anasema walishaongea hata juu ya jambo hilo hilo, lakini sheria ilitaka maandishi na maandishi hayakuwepo. Baada ya vuta nikuvute, mwaka 1997 Mahakama ya Rufaa ilimruhusu akatibiwe Ubelgiji. Alipata wana wawili, na sehemu ya jina la baba kwenye vyeti vyao ilibaki tupu mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2003. Na Israel, baada ya shambulio la Oktoba 7 mwaka 2023, serikali ililegeza masharti ili wazazi waweze kuomba mbegu za mtoto wao aliyeuawa zichukuliwe bila kupitia kwanza mahakamani. Mantegazza aliwaza mke. Hakuwaza bibi na babu.

Tusidhani mambo haya ni ya Wazungu peke yao. Kumzalia marehemu ni desturi ya kale kwetu. Kwa Wajaluo, mtoto anayezaliwa na mjane aliyerithiwa kwa tero ni wa marehemu, anachukua jina lake na ardhi yake. Kwa Wanuer wa Sudan Kusini, mwanamume aliyekufa bila mtoto huozwa mke kwa jina lake. Marehemu hakuulizwa katika yote hayo. Ukoo ulimsemea, na ukoo mzima ulikuwa shahidi. Sikusudii kuitetea tero, tunajua ilivyowaumiza wajane wengi. Ninachosema ni kwamba desturi ilikuwa na jibu tayari juu ya nani mwenye kauli, na mtungi wa naitrojeni hauna. Hauna ukoo, hauna mashahidi.

Fikihi ya Kisunni nayo ina jibu, tena lililonyooka. Ndoa inakatika kwa kifo, na mbegu ya mume haitumiki ila ndani ya ndoa. Hata mirathi inakwenda hivyo: mimba iliyokuwa tumboni siku baba alipokufa huwekewa fungu lake, iliyotungwa baadaye haimo. Sheria ya urithi ya Kenya nayo inamtambua aliyekuwa tumboni baba alipofariki. Mtoto anayetokana na mtungi miaka mitatu baada ya matanga, shamba lake la Kisii liko wapi? Muswada wa Mheshimiwa Millie Odhiambo juu ya uzazi wa msaada umezungushwa bungeni Nairobi miaka na miaka.

Kwa hiyo, wakati serikali zinajadiliana, yote yanabaki kwenye fomu. Fomu nzuri ina maswali ambayo mwenye mbegu anayajibu kwa mkono wake: nikifa zimwagwe, au mke wangu huyu, kwa jina, anaweza kuzitumia? Nikipoteza akili? Tukiachana? Zikae miaka mingapi, na ada nikishindwa kulipa mnipigie nani kabla ya kuzitupa? Uingereza, tangu Julai 2022, inaruhusu hadi miaka 55, lakini mtu anatakiwa kuithibitisha ridhaa yake kila baada ya miaka kumi. Utaratibu huo wa miaka kumi naupenda. Anachotaka mtu wa miaka 19 sicho atakachotaka akiwa na 29.

Kama una kijana nyumbani anayeanza tibakemia au mionzi, basi kabla ya kusaini ile fomu ya tiba, mwulize daktari swali moja: dawa hii itafanya nini kwenye uzazi wake? Akisema inaweza kuuharibu na hospitali yake haina mtungi, aandike barua ya rufaa siku hiyo hiyo kwenda kwenye kliniki ya uzazi iliyo nao, na awapigie simu kabisa. Sampuli mbili au tatu ni bora, moja ni afadhali kuliko kukosa. Kwa saratani nyingi kusubiri siku mbili tatu kunawezekana, kwa ile ya damu inayokimbia pengine ni kesho asubuhi tu. Dawa ikishaingia mwilini, maabara nyingi hazitapokea tena sampuli, kwa sababu mbegu za kipindi hicho zinaweza kuwa zimeharibika vinasaba.